Mlinganyo wa mstari na kanuni ya mfuatano: kazi ni ileile

Wengi wanasoma milinganyo ya mistari kama mada yake na mifuatano ya namba kama mada nyingine kabisa, matokeo yake wanakariri fomula za huku na za kule, wakati ukitulia unaona unachotafuta ni vitu viwili tu, kila hatua namba inapanda au inashuka kwa ngapi, na ukirudi mpaka sifuri unakuta nini.

Haya, chukua nukta mbili, (2, 5) na (6, 17). Anza na mteremko: 17 toa 5 ni 12, 6 toa 2 ni 4, 12 gawa kwa 4 ni 3. Yaani x ikiongezeka 1, y inaongezeka 3. Mpaka hapo una y = 3x + c, c ikiwa ni ile y unayoikuta x ikiwa sifuri, sasa c unaipata kwa kuingiza nukta yoyote kati ya zile mbili, tuseme (2, 5), unapata 5 = 6 + c kwa hiyo c ni -1. Mlinganyo ni y = 3x - 1. Usiishie hapo, jaribu na ile nukta ambayo hukuitumia: 3 mara 6 toa 1 ni 17, safi. Ukihakiki kwa nukta ileile uliyotumia kutafuta c hujahakiki kitu, lazima itakubali tu hata kama mteremko umekosea.

Balaa huwa kwenye namba hasi. Mfano (-3, 7) na (5, -9). Juu, yaani tofauti ya y, ni -9 toa 7, unapata -16. Chini, yaani tofauti ya x, ni 5 toa -3, hiyo ni 8 siyo 2, weka mabano jamani. Mteremko -2, halafu 7 = 6 + c, c ni 1, jibu y = -2x + 1. Na ukianza na nukta ya pili juu, anza nayo hiyohiyo chini, ukichanganya ishara inageuka. Kama x zote mbili zinafanana, mfano (4, 1) na (4, 9), chini unapata sifuri, hakuna mteremko hapo, mstari umesimama wima na mlinganyo wake ni x = 4 basi.

Sasa mfuatano: 2, 5, 8, 11... Tofauti ni 3 kila mara, kwa hiyo kanuni inaanza na 3n, n ikiwa ni nafasi ya namba, ya kwanza ni 1, ya pili ni 2. Namba ya kwanza ni 2 ila 3 mara 1 ni 3, imezidi 1, kwa hiyo 3n - 1. Umeona? Ni mstari uleule wa mwanzo, tofauti ndiyo mteremko, na ile -1 ndiyo namba ambayo ingekuwepo kabla ya ya kwanza. Wakikuuliza kama 152 imo humo, andika 3n - 1 = 152, n ni 51, imo. 100 haimo, maana 101 haigawanyiki kwa 3.

Tofauti zikiwa hazilingani usikate tamaa, tafuta tofauti za tofauti. Mfano 4, 9, 18, 31, 48: tofauti ni 5, 9, 13, 17, na hizo zenyewe zinapishana kwa 4. Gawa 4 kwa 2, unapata 2, kwa hiyo kanuni inaanza na 2n². Halafu toa 2n², yaani 2, 8, 18, 32, 50, kwenye mfuatano wako, inabaki 2, 1, 0, -1, -2, na hiyo ni kazi unayoijua tayari, inashuka 1 kila hatua, kwa hiyo 3 - n. Unganisha: 2n² - n + 3. Weka n = 5, unapata 50 - 5 + 3 = 48.

Ila kama ni 3, 6, 12, 24, hata tofauti za tofauti hazitulii, hapo gawa badala ya kutoa, kila namba ni mara 2 ya iliyotangulia, kanuni ni 3 × 2ⁿ⁻¹.