Kuchagua Vifaa vya Gharama Nafuu vya Kuhamishia Santuri na Kaseti Kwenye Kompyuta

Katika safari ya kutoka kwenye santuri au kaseti hadi kwenye kompyuta, sauti husomwa mahali pamoja tu: penye ncha ya sindano au penye hedi inayogusa kanda. Kile ambacho sindano imeshindwa kukisoma kwenye mfereji wa santuri hakiwezi kurudishwa na programu yoyote baadaye. Ndiyo maana mwenye bajeti ndogo anapaswa kuelekeza sehemu kubwa ya fedha zake kwenye mashine inayocheza, kisha abane matumizi upande wa dijitali, ambako hata kifaa cha bei ya chini siku hizi hurekodi kwa usafi unaoizidi kaseti yenyewe. Wanunuzi wengi hufanya kinyume chake: huvutiwa na neno USB lililoandikwa kwenye boksi, wasiulize sindano iliyomo ni ya aina gani.

Kabla ya kununua chochote, toa mkusanyiko wako wote na uupange. Tenga santuri za mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, za 45 na za 78. Tenga pia kaseti za dukani na zile zilizorekodiwa nyumbani. Muziki ambao tayari unauzwa katika hali ya dijitali unaweza kusubiri, lakini sauti ya babu akisimulia, hotuba za harusi, au kwaya iliyorekodiwa siku moja na kusahaulika, haina nakala nyingine popote, nayo ndiyo inayostahili kuamua ununue nini. Iwapo mkusanyiko una kaseti chache na santuri mbili tatu tu, ni afadhali kuazima mashine nzuri kwa siku mbili kuliko kununua dhaifu ya kukaa nayo.

Kwa upande wa santuri, mashine ndogo za mtindo wa sanduku zenye spika ndani yake ndizo za kuepukwa kwanza. Nyingi hutumia katriji (kifaa kidogo kinachoshika sindano na kugeuza mtetemo wake kuwa umeme) ya kauri, ambayo mara nyingi huhitaji kukandamiza mfereji kwa uzito wa gramu 5 au zaidi, ilhali katriji ya sumaku hufanya kazi vizuri kwa gramu 2 au 3 hivi. Uzito huo wa ziada huharakisha kulika kwa mfereji, na mtu anayekusudia kuhifadhi santuri hana sababu ya kuichakaza kwa kuicheza. Mashine kama Audio-Technica AT-LP60 ni mfano mzuri wa kiwango cha chini kinachokubalika: ina katriji ya sumaku, sindano yake hubadilishwa bila vifaa maalumu, na ina kikuza sauti cha awali (nitakieleza hapa chini) ndani yake. Ukipata mashine ya mtumba yenye mkono unaoweza kurekebishwa uzito, inaweza kuwa bora zaidi kwa fedha zilezile, mradi uhakikishe mambo mawili kabla ya kulipa: kwamba sindano ya katriji hiyo bado inauzwa, na kwamba sahani inayobeba santuri inazunguka kwa kasi isiyoyumba. Hesabu bei ya sindano mpya kuwa sehemu ya bei ya mashine, kwa sababu historia ya sindano ya mtumba haijulikani, na sindano iliyolika huharibu kila santuri inayoigusa.

Santuri za 78 zina mahitaji yao. Mfereji wake ni mpana, nao unahitaji sindano yenye ncha ya takriban mikroni 75, wakati ile ya santuri za 33 na 45 huwa ya mikroni 18 hivi. Sindano nyembamba huzama hadi chini ya mfereji na kusoma vumbi na mikwaruzo badala ya muziki. Mashine nyingi za bei nafuu hazina kasi ya 78, lakini hilo si kikwazo kikubwa, kwani unaweza kuicheza santuri kwa kasi ya 45 na kurekebisha kasi kwenye programu. Usichoweza kukikwepa ni sindano sahihi.

Kitu kinachowachanganya watu wengi ni kikuza sauti cha awali. Katriji ya sumaku hutoa umeme mdogo sana, milivolti chache tu, na isitoshe, santuri hukatwa zikiwa zimepunguzwa besi na kuongezwa sauti nyembamba, kwa kufuata kanuni ya RIAA (chama cha kampuni za rekodi za Marekani) ambayo imekuwa ya kawaida tangu miaka ya 1950. Kikuza sauti cha awali hukuza umeme huo na kurudisha besi mahali pake. Ukiunganisha mashine moja kwa moja kwenye kompyuta bila hicho, utasikia sauti hafifu isiyo na besi, na ukipitisha sauti kwenye vikuza viwili mfululizo itapasuka vibaya. Basi soma maelezo kwa makini. Kati ya vigeuzi viwili vidogo (vifaa vinavyogeuza sauti kuwa data ya kompyuta) vya Behringer vinavyofanana sana kwa umbo, UFO202 kina kikuza hicho na UCA202 hakina. Mwenye amplifaya ya zamani yenye tundu lililoandikwa PHONO hana haja ya kununua kingine, kwani anaweza kuchukua sauti kutoka kwenye matundu ya nyuma yaliyoandikwa TAPE OUT au REC OUT. Muungurumo mzito ukisikika muda wote, angalia kwanza kama waya wa ethi kutoka kwenye mashine umefungwa.

Kwa kaseti ushauri wangu ni mkali zaidi: usinunue vile vichezeshi vidogo vya mkononi vyenye USB. Kanda ya kaseti hupita kwenye hedi kwa mwendo wa sentimita 4.76 tu kwa sekunde, hivyo kuyumba kidogo kwa mota husikika waziwazi kwenye piano au sauti ya mwimbaji anayevuta noti ndefu. Vingi vya vifaa hivyo havina Dolby (mfumo wa kupunguza mvumo wa kanda) wala swichi ya kuchagua aina ya kanda. Deki ya kaseti ya mtumba, ile ya kuchomekwa kwenye umeme na kuunganishwa na amplifaya, huvizidi kwa mbali hata ikiwa na umri wa miaka 30.

Unapoikagua deki, fungua mlango wake na uangalie ndani kwa tochi. Utaona gurudumu dogo jeusi la mpira linalobana kanda dhidi ya mhimili mwembamba wa chuma. Mpira unaofaa huwa na uso mkavu usiong'aa. Uliong'aa, uliopasuka au unaonata vidoleni utatafuna kanda. Tazama pia uso wa hedi: ukipitisha ukucha na kuhisi kidaraja mahali kanda inapopita, hedi imelika. Kisha weka kaseti usiyoijali, icheze, ipeleke mbele na uirudishe hadi mwisho. Deki isiyorudisha kanda mara nyingi imelegea mkanda wa mota tu, na fundi hubadilisha kitu hicho bila shida, kwa hiyo hilo linaweza kuwa sababu ya kuomba bei ipunguzwe badala ya kuondoka.

Jambo jingine kuhusu deki halionekani kwenye tangazo lolote, nalo ndilo linaloamua ubora kuliko chapa. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo, mara nyingi yenye springi chini yake, inayoinamisha hedi upande mmoja au mwingine. Kanda iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine huenda ilirekodiwa na hedi yenye mwinamo tofauti, na hapo herufi kama s na sh husikika kana kwamba msemaji amefunikwa blanketi. Weka alama mahali skrubu ilipo, kisha izungushe kidogo kidogo kanda ikiendelea kucheza. Utafika mahali ambapo maneno yanafunguka ghafla. Pendelea deki ambayo skrubu hiyo hufikiwa kwa bisibisi bila kufungua mashine nzima.

Kigeuzi cha kupeleka sauti kwenye kompyuta kisikuumize kichwa. Kinachohitajika ni matundu mawili ya kuingizia sauti, la kushoto na la kulia, kwa kiwango cha laini, yaani sauti iliyokwisha kukuzwa kama itokavyo kwenye deki au amplifaya. Tundu la maikrofoni la kompyuta mpakato halifai, kwa kuwa kwa kawaida ni la chaneli moja na huikuza sauti kupita kiasi. Kurekodi kwa biti 16 na kilohezi 44.1 kunatosha kwa kaseti, na huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika. Programu ya Audacity ni ya bure na inafanya kazi yote inayohitajika. Acha nafasi ya kutosha juu, vilele vya sauti vikiwa karibu na desibeli 6 chini ya kikomo, na uhifadhi nakala kuu katika WAV au FLAC, aina za faili zisizopunguza ubora wa sauti.

Tenga fedha kidogo kwa usafi: brashi ya nyuzi za kaboni kwa santuri, pamoja na alkoholi ya isopropili na vijiti vya pamba kwa hedi. Alkoholi hiyo isiguse santuri za 78 za zamani, kwani huyeyusha shelaki, aina ya utomvu, iliyotumika kuzitengeneza.

Vifaa vikishafika, rekodi upande mzima wa santuri moja na wa kaseti moja, usikilize kwa visikizio tangu mwanzo hadi mwisho, na uchunguze hasa nyimbo za karibu na katikati ya santuri, ambako sindano dhaifu hujitambulisha kwa mikwaruzo kwenye herufi s. Fanya jaribio hilo kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha.