Kokoto Kwanza, Pampu Baadaye: Kupanga Kitanda cha Akwaponiki Nyumbani

Akwaponiki ni kufuga samaki na kukuza mimea kwa maji yale yale: pampu hupandisha maji ya tanki la samaki hadi kwenye kitanda cha mawe chenye mimea, kisha yanarudi tankini. Anayeianza huuliza kwanza anunue pampu ya ukubwa gani. Swali hilo linasubiri. Nafasi zilizopo kati ya mawe ya kitanda ndizo zinazoamua maji mangapi yatapanda juu na tanki la samaki litapungua kiasi gani, kwa hiyo chagua mawe, kisha njia ya maji, na pampu ije mwisho. Kumbuka pia kwamba mawe hayo ndiyo chujio lako: juu yake huishi bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo mimea huitumia.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya uzito

Kitanda cha mita moja ya mraba chenye kina cha sentimita 30 kinabeba lita 300 za mawe. Kokoto za kawaida zina uzito wa takriban kilo 1,600 kwa mita ya ujazo, yaani karibu kilo 480 hapo, na maji bado. Ongeza maji, na meza yako inabeba karibu kilo 600. Ardhini, juu ya matofali, hakuna shida. Kama ni roshani au juu ya paa, tafuta vidonge vya udongo uliochomwa. Ni ghali, lakini ni vyepesi mno na havichubui mikono wakati wa kupandikiza. Mawe ya volkano yako katikati: mepesi kuliko kokoto, na vitundu vyake huwapa bakteria makazi mengi. Yakipatikana karibu, mimi huyachagua kabla ya mengine yote.

Maranda ya mbao na makumbi ya nazi yaache. Huoza, huziba mabomba, na mengine huelea.

Hatua ya 2: Jaribu kwa siki

Hatua hii usiiruke hata kama muuzaji anaapa. Loweka mawe machache kwenye maji kwanza ili hewa iliyojificha kwenye vitundu itoke, maana mapovu ya hewa huwadanganya wengi. Yafute, kisha yatumbukize kwenye siki. Yakitoa povu mfululizo, yana chokaa. Jiwe la namna hiyo litaipandisha pH ya maji (kipimo cha uasidi) kupita 7, na hapo mimea hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo majini: majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Ukimwaga asidi kuishusha pH, chokaa itairudisha juu, na samaki ndio watakaoumia kwa kupandishwa na kushushwa huko. Lenga pH kati ya 6 na 7.

Hatua ya 3: Chekecha, osha, jaza

Ukubwa unaofaa ni milimita 8 hadi 20. Madogo zaidi huziba kwa kinyesi cha samaki. Makubwa zaidi yana eneo dogo la bakteria, na miche haishiki vizuri. Osha mpaka maji yatoke safi. Kazi inachosha, lakini vumbi usilolitoa leo litaenda kwenye pampu.

Jaza kina cha sentimita 30. Maji yasifike sentimita 3 hadi 5 za juu: zikibaki kavu, mwani hauoti na shina la mmea halioz­i.

Hatua ya 4: Chagua njia ya maji

Njia rahisi ni mtiririko usiokatika: maji yanaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili kupitia bomba la wima linaloshikilia kimo. Hakuna cha kurekebisha, na kimo cha tanki hakiyumbi. Udhaifu wake ni hewa, kwa sababu mizizi na bakteria vinategemea oksijeni iliyomo ndani ya maji tu.

Kujaza na kukausha kwa zamu huvuta hewa mpya kila maji yanaposhuka. Ukitumia taima, mpango wa kawaida ni dakika 15 pampu ikiwa imewaka na 45 ikiwa imezimwa, na bomba la wima liwe na tundu dogo chini la kumwaga polepole. Lakini angalia tanki. Kitanda tulichokipigia hesabu hapo juu kinaweza kumeza zaidi ya lita 100. Tanki la lita 500 litapungua sehemu ya tano tu. La lita 200 litapungua nusu, na hapo taima haifai.

Sifoni ya kengele, yaani bomba la wima lililofunikwa kwa bomba pana lililozibwa juu (kengele), hufanya zamu hizo bila taima, pampu ikiwaka muda wote: maji yakifika kimo cha bomba la wima huvutwa yashuke, na hewa ikiingia chini ya kengele mvuto hukatika, kitanda kijae tena. Kwa kitanda hiki tumia bomba la wima la milimita 25, kengele ya milimita 75, na nje yake kinga ya milimita 110 yenye matundu ili mawe yasiingie. Tanki hupungua vilevile, kwa hiyo hesabu ya maji haibadiliki.

Hatua ya 5: Pima mtiririko, kisha rekebisha

Kinga ndoo ya lita 10 chini ya bomba linaloingiza maji kitandani. Ikijaa kwa sekunde 90, unapata lita 400 kwa saa. Sifoni ya kipimo hiki hufanya kazi vizuri kati ya lita 200 na 500 kwa saa.

Maji yakichuruzika tu bila sifoni kuvuta, mtiririko ni mdogo au kengele inaingiza hewa: fungua koki kidogo, au funga elbo (kiungo cha bomba chenye kona) kwenye mdomo wa kutokea ili bomba lijae upesi. Ikivuta na kukataa kukata, mtiririko umezidi, punguza koki.

Iendeshe siku nzima bila samaki. Weka alama kwenye tanki pale maji yanaposhuka zaidi, kisha inua pampu ikae chini kidogo tu ya alama hiyo. Bomba likichomoka usiku, pampu itabaki ikivuta hewa na maji mengi yatabaki tankini.