Msimulizi akiwa pweza, anza na mikono

Unaandika hadithi inayosimuliwa na mnyama wa baharini? Kabla ya kumpa maneno, mvue macho ya binadamu. Pweza ana mikono 8, na takribani theluthi mbili ya seli zake za neva zimo humo mikononi. Vikombe vyake vya kunyonyea huonja kila anachogusa. Basi asianze kwa kusema "nilimwona kaa chini ya jiwe". Mkono mmoja umwonje kaa kwanza, mwenyewe ajue baadaye kidogo. Pengo hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote, maana hakuna msimulizi wa nchi kavu aliye nalo.

Nyangumi mwandikie kwa masikio: majini sauti husafiri kama mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara 4 ya kasi yake hewani. Kasa ahisi usumaku wa dunia.