Kupima elektroni za YBCO kwa sumaku kali

Anza na kristali ya YBCO (oksidi ya yttri, bari na shaba, inayopitisha umeme bila ukinzani ikipozwa), usikimbilie sumaku. Mimi huitazama kwanza chini ya hadubini. Yenye ufa naiweka kando bila huruma. Bandika nyaya za dhahabu kwa gundi ya fedha, kisha zisokote mbilimbili na kuzikaza: uga wa sumaku ukipanda ghafla, kitanzi kidogo tu cha waya huzua volti za uongo. Poza kwa heliamu hadi kelvini chache. Watafiti wa Toulouse, Ufaransa, mwaka 2007 walifika tesla 62 (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga), na ukinzani wa Hall, yaani volti inayojitokeza kukingama mkondo ikigawanywa kwa mkondo huo, ukaanza kuyumba. Chora data dhidi ya 1/B, si B (B ni nguvu ya uga). Hapo ndipo vipindi vya kuyumba hulingana. Masafa ya kuyumba waliyopata yalikuwa karibu tesla 530 (kwa kuwa mhimili ni 1/B, masafa hupimwa kwa tesla), yaani kifuko cha elektroni, eneo dogo la mwendo zinaloujaza, chenye takriban asilimia 2 ya kanda ya Brillouin, ambayo ni eneo zima la mwendo wa elektroni ndani ya kristali. Kidogo mno! Ukiona kilima kimoja tu, usitangaze kitu.