Pikapu Inapochemsha, Inapogoma Kuwaka na Breki Zinapolegea: Namna ya Kutafuta Chanzo Kabla ya Kununua Spea

Pikapu ya kazi mkoani Tanga inaweza kuonja mazingira matatu ndani ya wiki moja. Leo inabeba samaki wa barafu kutoka ufukweni, kesho inapakia machungwa Muheza, keshokutwa inapanda Soni kuelekea Lushoto ikiwa imejaa saruji. Chumvi, vumbi na mlima kila kimoja huliumiza gari kwa njia yake, ndiyo maana magari mawili ya aina moja yanaweza kuonyesha dalili ileile huku kila moja likiwa na chanzo chake. Maelezo haya ni kwa mmiliki au dereva anayetaka kujua gari lake linaumwa nini kabla hajatoa fedha mfukoni. Mifano mingi ni ya Toyota Hilux ya dizeli, kwa kuwa ndiyo niliyoizoea zaidi.

Kabla ya kufungua boneti, jibu maswali machache na uyaandike kwenye daftari la gari. Tatizo hutokea injini ikiwa ya baridi au ya moto? Gari likiwa tupu au likiwa na mzigo? Barabara ikiwa tambarare au ya kupanda? Tena, ni kitu gani kilichoguswa mara ya mwisho? Tatizo lililoanza siku moja baada ya gari kutoka gereji mara nyingi lina uhusiano na kile kilichofunguliwa huko. Baada ya hapo anza na ukaguzi usiogharimu kitu, na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kwani ukibadilisha vitu vitatu kwa siku moja na gari likapona, hutajua ni kipi kilichoponya.

Nianze na gari kuchemsha, kwa sababu hapa ndipo nimeona watu wengi wakipoteza fedha. Msimu mmoja wa machungwa pikapu yangu ilianza kuchemsha kila ilipokuwa na mzigo njiani kati ya Muheza na Segera, ilhali ikizunguka mjini tupu mshale wa joto ulikaa katikati bila kutikisika. Gereji moja iliniambia kwamba silinda hedi imepasuka na ikanipangia bei ya nyingine. Kabla ya kukubali nilifungua shoo ya mbele nikamulika tochi kwenye nafasi iliyopo kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta. Nilikuta mkeka mzima: vumbi jekundu, nyuzi za katani na mabawa ya kumbikumbi, vyote vimeshikamana kama pamba iliyolowa. Nililegeza kondensa bila kufungua mipira yake ya gesi, nikapitisha maji ya mpira wa bustani kutoka upande wa injini kwenda nje, polepole, hadi nikaweza kuona mwanga ukipenya katikati ya mapezi. Safari iliyofuata, kwa mzigo uleule, mshale haukupanda.

Wakati na mahali gari linapochemsha ndipo penye jibu. Likichemsha kwenye foleni au likiwa limesimama, kisha likapoa likikimbia, mtuhumiwa wa kwanza ni feni. Likichemsha mlimani na kwa mzigo lakini likatulia mjini, shaka iende kwenye rejeta iliyoziba, kwa nje kama yangu ilivyokuwa au kwa ndani kutokana na kutu na magadi, au kwenye pampu ya maji iliyochoka. Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa, huenda maji yamepungua au thamostati, yaani vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto, imekwama ikiwa imefunga.

Usifungue kamwe mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto. Mfuniko huo huweka shinikizo ndani ya mfumo ili maji yasichemke kwa nyuzi 100, na kwa shinikizo la takriban baa 0.9 hayachemki hadi yafike karibu nyuzi 118. Ukiufungua, shinikizo hutoweka ghafla na maji hayo hulipuka kuwa mvuke usoni pako. Subiri hadi uweze kuubana mpira wa juu kwa mkono bila kuungua. Angalia kiwango cha maji, mpira wa mfuniko, mkanda na alama za uvujaji chini ya pampu. Feni ya Hilux nyingi huendeshwa na klachi yenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa imezimwa, izungushe kwa mkono, na ikijizungukia mizunguko mingi bila kusita, klachi hiyo imekufa. Mwisho, injini ikiwa bado ya baridi, jaza maji hadi juu, acha mfuniko wazi na uwashe. Mapovu machache mwanzoni ni hewa iliyonaswa. Mapovu yasiyokoma, au mpira wa juu unaokakamaa mfuniko ukifungwa wakati maji bado ni ya baridi, ni dalili ya gesi ya silinda inayopita kwenye gasketi, na hapo ndipo mazungumzo ya kufungua silinda hedi yanapokuwa na msingi.

Kuna mazoea ya kung'oa thamostati na kuitupa, kwa hoja kwamba Tanga ni joto. Sikubaliani nayo hata kidogo. Injini ya dizeli isiyofikia joto lake hula mafuta zaidi na husagika upesi, na pale ambapo thamostati ina kisahani cha kuziba njia ya mkato, kuiondoa huacha sehemu ya maji ikizunguka bila kupita kwenye rejeta kabisa. Vilevile usijaze maji ya kisima chenye chumvichumvi. Tumia kolanti iliyochanganywa kama kopo lake linavyoelekeza.

Gari likigoma kuwaka, tenganisha kwanza mambo mawili: je, stata inazungusha injini kwa nguvu, au inajikokota? Ikijikokota, chukua mita ya umeme. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6, na ikishuka hadi 12.0 basi imekaribia kuwa tupu. Injini ikiunguruma, usomaji uwe kati ya 13.8 na 14.5, ukibaki chini ya hapo, chunguza mkanda na alternata kabla ya kuilaumu betri. Kwa magari ya pwani ninakusihi ukague waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini na chesisi. Maji ya barafu ya samaki yanayochuruzika kutoka kwenye bodi yana chumvi, na chumvi hiyo huula waya ndani ya ganda lake hali nje unaonekana mzima. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mwenzako apige stata. Ukisoma zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani, na waya mpya unaweza kukuepusha na gharama ya stata nzima.

Stata ikizungusha vizuri na injini isishike, fuata njia ya dizeli. Chini ya chujio la dizeli kuna kifungo cha kumwagia maji. Kilegeze juu ya chupa angavu. Maji hukaa chini na dizeli juu, na mpaka wake huonekana wazi. Kisha bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio hadi ikakamae. Ikiendelea kuwa laini kila asubuhi, kuna hewa inayoingia kwenye mipira inayotoka tangini. Katika injini za zamani kama 2L, 3L na 5L, fundi anaweza kulegeza nati za nozeli ili kutoa hewa. Usifanye hivyo kwenye injini mpya zaidi za 1KD au 2KD, ambazo mirija yake ya reli, yaani bomba la pamoja linalogawa dizeli kwa nozeli, hubeba shinikizo la zaidi ya baa 1,000. Mchirizi mwembamba kutoka hapo hupenya ngozi ya mkono, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali mara moja hata kama linaonekana dogo.

Moshi nao husema. Mweusi ni dizeli kuzidi hewa, hivyo anza na chujio la hewa. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto unaweza kuwa maji yanayoingia kwenye silinda au dizeli isiyoungua. Ukisikia mlio wa chuma chini ya gari unapotoka gia ya mbele kwenda ya nyuma, lala chini, shika propela shafti na uitikise: krosi, yaani kiungio cha shafti hiyo, ikiwa imekwisha huonyesha mchezo kwa macho.

Breki zinahitaji subira zaidi. Pedali inayobonyea kama sponji ina hewa. Pedali inayozama taratibu unapoishikilia, bila tone lolote kuvuja nje, huelekeza kwenye masta silinda, yaani pampu ya breki inayosukumwa na pedali. Gari likivuta upande mmoja, endesha kidogo, simama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Gurudumu lenye joto kuliko mwenzake pengine lina breki iliyong'ang'ania. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na pwani unyevu si haba. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho huweza kushuka hadi 140. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi za kona na mteremko, na dereva anayezitegemea breki pekee anaweza kufika joto hilo. Gia uliyopandia ndiyo ya kuteremkia, na mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka 2.

Jambo moja husahauliwa na wanaoongeza majani ya springi ili gari libebe zaidi. Hilux nyingi zina vali kwenye chesisi, iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, inayoongeza nguvu ya breki za nyuma bodi inaposhuka kwa mzigo. Ukiinua bodi kwa springi nzito, vali hupokea taarifa kwamba gari ni tupu, hivyo breki za nyuma hupata nguvu ndogo huku za mbele zikiungua. Kila springi zinapobadilishwa, mwambie fundi arekebishe fimbo hiyo kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kisha jaribu breki kwenye uwanja tambarare gari likiwa tupu, halafu likiwa na nusu ya mzigo, na asubuhi yake angalia kama mafuta ya breki yamebaki kwenye alama uliyoiacha jana.