SOMO: Mzee ametoka kuchukuliwa kinyama cha tezi dume, mfanyeje nyumbani siku za mwanzo

Wakuu habari za jioni. Naandika hapa mara moja maana kila wiki kuna mtu ananifuata inbox na swali lilelile, mzee katoka kufanyiwa bayopsi (yani kuchukuliwa kinyama cha kupima kansa) anakojoa damu tufanye nini. Mimi si daktari. Nimemuuguza baba yangu hapa Tabata, alikuwa na miaka 67, PSA (kipimo cha damu cha tezi dume) ikasoma juu, daktari akasema tuchukue kinyama.

Muelewe kwanza kilichofanyika, ndo mtajua cha kuogopa na cha kutoogopa. Kifaa cha ultrasaundi kinapitishwa njia ya haja kubwa, sindano inachoma tezi kama mara 10 mpaka 12 na kila ikichomoka inatoka na kipande chembamba kama uzi. Yani sindano imetoboa ukuta wa utumbo mara zote hizo ikaingia kwenye tezi, kwa iyo damu lazima itoke, na vijidudu vya kwenye choo vinaweza kupita humohumo.

1. Kurudi nyumbani: bajaji au taksi. Boda hapana, na siku kadhaa zinazofuata hapana pia, baiskeli hivyohivyo.

2. Maji anywe ya kutosha. Kama ana shida ya moyo au figo muulizeni daktari kiasi gani.

3. Antibayotiki amalize dozi.

4. Maumivu: paracetamol, ila mpimeni joto KABLA ya kumpa, sababu mtaiona hatua ya 7. Diclofenac na ibuprofen msimpe bila kuuliza, zinaongeza kutoka damu. Kama anatumia aspirini au dawa ya kuyeyusha damu, daktari ndo aseme lini aendelee nayo, msiamue wenyewe.

5. Damu. Kwenye mkojo siku chache, wengine inaenda mpaka wiki mbili, inakuja inapotea inarudi. Kwenye choo siku chache. Kwenye shahawa inaweza kukaa wiki 6 na zaidi, inageuka kahawia kama kutu, wazee wengi hawasemi wanakaa na hofu peke yao, mwambieni mapema kwamba itatokea. Isiyo ya kawaida ni mabonge, au mkojo mzito kama damu tupu, au damu ya haja kubwa inayotoka nyingi haikatiki. Hiyo hospitali.

6. Asikamue chooni, mpeni papai na mboga za majani. Ndoo za maji asibebe wiki nzima. Tendo la ndoa asubiri siku alizoambiwa.

7. HOMA. Hapa ndo nilipokosea, nawaomba msome taratibu. Kipimo kilifanyika Jumanne. Jumatano mzee mzima kabisa, kala ugali na dagaa, kaenda msikitini. Alhamisi saa tatu usiku akaniita anasema anasikia baridi, nikamfunika shuka nikaongeza blanketi, na joto la Dar mwezi wa pili mnalijua, bado meno yanagongana mpaka kitanda cha chuma kinalia. Mimi moja kwa moja nikasema malaria. Nikakimbia duka la dawa la mtaani nikarudi na mseto na Panadol, nikampa mseto vidonge vinne na Panadol mbili, jasho likamtoka, homa ikashuka, nikaenda kulala nimeridhika. Saa kumi alfajiri mama ananigongea mlango. Mzee anaongea vitu havieleweki, ananiita jina la mdogo wake aliyefariki zamani, viganja vya baridi, anahema harakaharaka. Kufika hospitali presha iko chini, daktari akauliza swali moja, "amefanyiwa nini wiki hii?" nikasema kinyama cha tezi, sijamaliza kuongea ameshageuka kumwita nesi. Maambukizi yalishaingia kwenye damu. Dripu, antibayotiki za mshipa, siku 9 wodini. Malaria walipima, haikuwepo.

Kwa iyo homa ya 38 au zaidi, au kutetemeka hata kama kipimajoto kinasoma chini ya hapo, ni hospitali yenye emajensi, usiku huohuo. Sio duka la dawa, sio kusubiri kupambazuke. Siku tatu nne za mwanzo ndo za kuangalia zaidi. Neno la kwanza mlangoni liwe "amechukuliwa kinyama cha tezi dume siku fulani". Malaria ikisoma ipo bado semeni, mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Panadol ikishusha homa haijatibu kitu. Na bebeni pakti ya antibayotiki aliyokuwa anameza, maana kama kaugua huku anaimeza basi inabidi wamuanzishie nyingine.

8. Mkojo ukigoma kabisa, hospitali.

MASWALI

Chalii wa Ubungo: Mkuu mzee kachukuliwa jana, anakojoa mkojo mwekundu, ni kawaida?

Jibu: Hatua ya 5.

Chalii wa Ubungo: Nimeona ila ni mwekundu sana.

Jibu: Kama juisi ya rosela, unapita mwanga na anakojoa vizuri, aongeze maji. Mzito au una mabonge, nendeni. Joto mmepima?

Chalii wa Ubungo: Hatuna kipimajoto.

Jibu: Nunua leo, kabla ya kuuliza swali lingine.

Mama Pacha: Kaka samahani, mume wangu kapewa sipro (ile antibayotiki ciprofloxacin), akiimeza tumbo linamsumbua kwa iyo nampa na maziwa. Kuna ubaya?

Jibu: Dada umefanya vizuri kuuliza. Maziwa na mtindi vinaishika sipro tumboni, haiingii yote mwilini. Dawa za kiungulia zile zenye magnesiamu au aluminiamu nazo hivyohivyo, na vidonge vya kuongeza damu. Ameze na maji, hata baada ya chakula sawa. Kama lazima atumie ya kiungulia, sipro itangulie masaa 2, au isubiri masaa 6 baada yake. Na akianza kuumwa mshipa wa nyuma ya kisigino aache na apige simu kwa daktari wake, hiyo dawa inajulikana kwa hilo.

Mtu wa Tiba Asili: Hizo sindano ndo zinasambaza kansa. Jirani yetu alichomwa, miezi mitatu akafariki. Tumieni mbegu za maboga.

Jibu: Pole kwa jirani. Wazee wetu wengi tunawapeleka ugonjwa umeshafika kwenye mifupa, sindano inaukuta umeshatembea, afu lawama inabebeshwa sindano. Mbegu za maboga ni chakula, kuleni. Ila usimtishe mtu asipime. Hili sirudii.

Msomaji Kigamboni: Najiuliza tu, kama njia ya haja kubwa ina vijidudu kwa nini wapitie huko? Hakuna njia nyingine?

Jibu: Ipo mkuu. Tezi imelalia ukuta wa huko ndo maana wanapafikia kirahisi. Njia nyingine ni kuchoma kwenye ngozi, katikati ya korodani na njia ya haja kubwa, maambukizi yanakuwa machache sana, ila sio kila sehemu wanafanya. Ulizeni kabla hamjapangiwa tarehe. Na kitu ambacho sisi hatukusema: baba mwezi mmoja kabla alijinunulia sipro dukani akidhani ana UTI. Siku ya kipimo akapewa hiyohiyo ya kukinga. Wodini wakaotesha damu maabara kutafuta vijidudu, kijidudu kikaonekana sipro hakiisikii kabisa. Ukiwa umetumia antibayotiki karibuni, umelazwa, au una kisukari, mwambie daktari mapema, anaweza kubadilisha dawa.

Fundi Mstaafu: Naongezea, msikimbilie kurudia PSA. Tezi ikishachomwa namba inapanda yenyewe, mimi niliambiwa nisubiri wiki 6.

Jibu: Kweli kabisa mzee wangu, asante.

Binti Mbagala: Shikamoo kaka. Baba hajakojoa tangu saa tatu asubuhi, sasa saa kumi jioni, chini ya kitovu pamejaa pagumu na anaumia. Tumuongezee maji?

Jibu: Marahaba. USIMPE maji. Mkojo upo, umeziba njia, kila glasi inazidi kumbana. Tezi imevimba au bonge limekaa mlangoni. Tafuteni usafiri sasa hivi, wataweka mpira wa kutolea mkojo. Ukifika niandikie.

Binti Mbagala: Tumefika kaka. Wameweka mpira, imetoka zaidi ya lita moja. Amelala sasa hivi, anakoroma.

Jibu: Alhamdulillah. Mfuko wa mkojo ukae chini ya usawa wa kibofu muda wote, hata akigeuka kitandani, ila usigusane na sakafu. Mkono unawe kabla ya kuufungua. Na kesho usiondoke bila kuuliza mpira unatolewa lini.