Kati ya Magharibi na Isha: kujiandaa kukiona chombo chenye watu kikipita juu ya visiwa vyetu

Roketi zinazobeba watu hazirushwi kwetu. Huruka kutoka Florida, kutoka Baikonur kule Kazakhstan, na kutoka Jiuquan katika jangwa la Gobi. Wanaanga wakirudi, hushukia baharini au kwenye nyika zilizo mbali na kila kitu. Kwa mtu wa Wete au Makunduchi hapa Zanzibar, kufika huko kunataka viza, nauli kubwa na siku nyingi za kusubiri, maana roketi huahirishwa hata kwa wingu moja. Lakini watu haohao, wakishafika juu, hupita juu ya mapaa yetu, na macho matupu yanatosha kuwaona. Nimeshakaa ufukweni na majirani na watoto wa skuli mara nyingi kuwasubiri, na wengi niliowaona wakikosa walikosa kwa sababu ya jambo dogo lililopaswa kufanywa mchana.

La kwanza ni wakati, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kila kitu kilipo. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, yaani chombo wanamokaa watu hao wakiizunguka dunia, hakituangazii kwa taa. Tunachokiona ni mwanga wa jua unaogonga paneli zake za umeme wa jua na kurudi kwetu. Kwa hiyo yanatakiwa mambo mawili kwa pamoja: huku chini kuwe kumeshaingia giza, na kule juu, kama kilomita 400, jua liwe bado linawaka. Kwetu, karibu na ikweta, jua likichwa giza huingia upesi. Dakika 25 hivi baada ya kuchwa, anga imeshakuwa nyeusi kiasi cha kutosha. Ikifika kama dakika 80, kivuli cha dunia kimeshapanda hadi utosini, na kituo kikipita hapo hakionekani tena. Sasa angalia saa za swala: Magharibi ni jua linapochwa, na Isha huingia kama dakika 70 na kitu baadaye. Nafasi yetu ya kutazama imelala katikati ya adhana hizo mbili. Swali Magharibi kwa utulivu, toka msikitini, utakuta muda unaanza. Asubuhi ni kinyume chake: baada ya Alfajiri, kabla hakujapambazuka sawasawa.

Kituo huizunguka dunia kwa dakika 93 hivi, na nafasi yetu haifiki saa nzima. Kwa kawaida basi utakiona mara moja tu kwa jioni, na mpito mzuri, yaani kule kupita kwake juu yetu, ni wa dakika tano au sita. Ukichelewa, hakuna wa pili usiku ule. Pia mipito huja kwa mafungu: jioni kadhaa karibu karibu, kisha kimya cha siku nyingi, kisha kinaanza kuonekana alfajiri. Usimwambie mtoto "tutatazama wiki ijayo" kabla hujaangalia ratiba.

Ratiba hutolewa bure. NASA, shirika la anga la Marekani, wana programu ya simu iitwayo Spot the Station, na tovuti ya Heavens-Above huonyesha pia kituo cha Wachina, Tiangong, ambacho nacho kina watu na hupita kwetu. Hakikisha umeweka mahali ulipo na saa za Afrika Mashariki. Kisha igeuze saa kwa Kiswahili, uiandike kwenye karatasi: 18:58 ni saa 12:58 jioni, 19:04 ni saa 1:04 usiku. Nimewahi kuona familia nzima ikifika ufukweni saa nzima baada ya kituo kupita, kwa sababu mtu aliisoma 19:04 kwa haraka na kuwaambia wenzake saa mbili na dakika nne. Ratiba uiangalie tena siku hiyohiyo, kwani kituo husukumwa juu kila baada ya muda ili kisishuke, na saa za kupita hubadilika. Fanya hivyo ukiwa bado mjini, mtandao haujaanza kukatika.

Ratiba itakupa pia upande na urefu, yaani kituo kitapanda kiasi gani kutoka kwenye upeo. Upande usikutishe. Makka iko karibu kaskazini kabisa ya visiwa vyetu, kwa hiyo kila aliyewahi kusali hapa anaijua kaskazini yake. Simama ukielekea kibla: magharibi iko mkono wa kushoto, mashariki mkono wa kulia. Kituo hutoka upande wa magharibi kila mara. Ama kitatokea nyuma ya bega lako la kushoto, yaani kusini-magharibi, kikielekea mbele kulia, au kitaanzia mbele kushoto na kuishia nyuma kulia. Urefu hupimwa kwa nyuzi: nyoosha mkono, funga ngumi, ngumi moja ni kama nyuzi 10. Mpito usiofika ngumi tatu mimi siwaitii watu, maana minazi na mawingu ya upeo huumeza. Kuanzia ngumi nne, ita mtaa mzima.

Mahali pa kusimama hufuata upande huo. Kwa jioni tafuta palipo wazi magharibi: Mangapwani au Fumba kwa Unguja, Ras Kigomasha kwa Pemba, au kilima chochote kisichofunikwa na mikarafuu. Ukiwa Jambiani au Bwejuu jioni, minazi iliyo nyuma yako itakuibia dakika ya kwanza. Pwani hizo za mashariki ni nzuri zaidi kwa alfajiri, wakati kituo hutoka kivulini ghafla kikiwa tayari juu na kushuka kuelekea baharini. Forodhani sipapendi kwa kazi hii, taa ni nyingi. Kituo chenyewe kinaonekana hata pale, kwani hung'aa kama Zuhura, lakini macho yaliyozoea taa hayakioni kinapoanza kufifia, na huko kufifia ndiko kuzuri.

Masika usipange kitu kikubwa. Kaskazi na kipupwe hutoa usiku safi zaidi, ingawa wingu moja la kusi linaweza kuharibu, na hilo halina dawa. Chukua mkeka, maji, dawa ya mbu, na tochi uliyoifunika kwa kitambaa chekundu. Darubini haisaidii sana, kitu kinakwenda mbio mno. Anayetaka picha aiegemeze simu kwenye jiwe, aiweke ipokee mwanga kwa sekunde 10, asiiguse.

Waeleze watoto mapema wanachotafuta. Nuru isiyopepesa, isiyo na taa nyekundu, isiyo na sauti, inayokwenda bila kusita. Ikiwaka na kuzima ni ndege inayokwenda uwanjani. Ikipita kwa sekunde moja ni kimondo. Waambie kwamba kile kitu hukata umbali kama wa Unguja hadi Dodoma chini ya dakika moja, na kwamba ndani yake mara nyingi wamo watu saba. Tangu Novemba 2000 hakijawahi kubaki bila mtu.

Fuatilia pia habari za kurusha. Chombo kipya kikiondoka na wanaanga, huchukua saa kadhaa, wakati mwingine zaidi ya siku, kukifukuzia kituo. Mpito ukiangukia katika muda huo, tazama kabla na baada ya ile nuru kubwa: huenda ukaona nukta ndogo, hafifu, ikifuata njia ileile. Hao ni watu walio safarini, na kwangu hakuna mpito ulio bora kuliko huo.

Kwa wanaokaa karibu na Tunguu, ningependa watazamie palepale. Hapo palikuwa na kituo cha mawasiliano cha mradi wa Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu angani. Mwanaanga wao John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye kwa redio. Kituo hicho cha Tunguu kilifungwa 1964, baada ya Mapinduzi. Watoto wa huko waambiwe hivyo wakiwa wamesimama hapo, kabla nuru haijatokea, maana ikitokea hawatakusikiliza.

NASA imepanga kukitumia Kituo cha Kimataifa hadi 2030, kisha kishushwe baharini. Mwenye mtoto wa miaka mitano asingoje awe mkubwa.

Kituo kikifika upande wa mashariki hugeuka rangi ya chungwa kwa sekunde chache, kikazimika, kimeingia kivulini. Baada ya hapo kunja mkeka. Mara nyingi utakuwa bado uko njiani Isha ikiadhiniwa.